Kuacha nyama au kuogopa chakula? Wazazi tujifunze kutofautisha



Katika wilaya ya Karagwe, na katika Kyerwa iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, nyumba nyingi hula ndizi na maharage mchana na usiku. Nyama huonekana Ijumaa, siku ya Idd, au anapofika mgeni wa heshima. Kwa sababu hiyo, kijana akisema "mimi nyama nimeacha," hakuna anayeshtuka. Mama huona kitoweo kimebaki kwa wadogo, na baba hudhani mtoto amekuwa na kiasi. Baadaye kijana huyo anaacha mayai, kisha maziwa, kisha mafuta kwenye maharage, kisha maharage yenyewe. Siku nyumba inapozinduka, binti hana nguvu ya kupanda kilima kwenda kuchota maji, na hedhi imekatika miezi minne.

Katika makala ya leo tutazungumzia ugonjwa wa ulaji unaojificha nyuma ya kuacha vyakula vya wanyama, na wakati mwingine nyuma ya swaumu. Lengo si kuwapinga wanaokula mimea tupu, maana mtu anaweza kuishi kwa mimea akawa na afya njema akijua kuipanga. Lengo ni kumsaidia mzazi, mume, dada au mwalimu wa madrasa ajue tofauti kati ya mtu aliyechagua chakula na mtu anayeogopa chakula.

Wasiokula nyama si wa aina moja

Wa kwanza ni yule asiyekula kwa kuwa hana uwezo. Hawa ndio wengi, na wakipata wanakula.

Wa pili ni yule anayekwepa kwa sababu ya dini. Wapo wanafunzi wa Kiislamu wanaosoma bweni ambao hawana hakika nani kachinja, hivyo huacha nyama ya shuleni yote. Hilo ni jambo la kheri, lakini likidumu miaka minne bila kingine cha kujazia, mwili hulipa gharama.

Wa tatu ni yule aliyechagua. Duniani wapo watu wasiogusa kabisa kitokanacho na mnyama, si nyama, si samaki, si mayai, si maziwa, wala asali. Huitwa vegani, na chama chao cha kwanza kilianzishwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson pamoja na wenzake. Sasa habari zao huwafikia vijana wetu hata Kayanga na Nkwenda kupitia simu.

Wa nne ndiye tunayemzungumzia leo. Huyu hana ugomvi na nyama hasa. Ana hofu ya chakula, na "sili nyama" ni mlango wa heshima wa kupitishia hofu hiyo.

Ama kwa upande wa sheria, asiyependa chakula fulani hana dhambi. Imesimuliwa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (SAW) aliwekewa nyama ya mnyama jamii ya kenge wa jangwani, akaiacha kwa kuwa hakuizoea, na Khalid bin Walid (RA) akaila mbele yake bila kukatazwa. Lakini kujiharimishia alichohalalisha Mwenyezi Mungu ni jambo jingine, na Sura Al-Maida aya ya 87 inawaonya waumini juu yake. Kwa hiyo kijana aseme "sikipendi" au "sikitumii," asiseme "ni haramu kwangu."

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Madaktari hutaja aina tatu kubwa. Ya kwanza ni anoreksia. Mgonjwa hujinyima chakula, hukonda, na bado hujiona mnene. Jina hilo lilitolewa na daktari William Gull wa London katika miaka ya 1873 na 1874. Ya pili ni bulimia. Mgonjwa hula chakula kingi kwa muda mfupi, tena kwa siri, kisha hutafuta njia ya kukitoa au kukifidia kwa kujinyima. Hii ilielezwa na daktari Gerald Russell, pia wa London, mwaka 1979. Ya tatu ni kula kupita kiasi bila kujizuia na bila kukitoa, kisha kubaki na aibu nzito.

Yapo magonjwa haya kwa wanaume pia, na kwa watu wazima. Hata hivyo aghalabu huanza ujanani, na wasichana hupatwa zaidi.

Wengi wetu tutasema hayo ni maradhi ya Wazungu walioshiba. Tusiharakishe. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika mkoa wa Nadroga, kisiwani Fiji, mahali ambapo mwili mnene ulikuwa sifa kama ilivyokuwa kwetu. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule mwaka huo, na hakuna aliyesema hujitapisha ili apungue. Aliporudi kuwauliza wanafunzi mwaka 1998, 11 katika kila 100 walikiri kufanya hivyo. Na mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliowahusisha wasichana na wanawake zaidi ya 200 wa Tanzania. Ulikuta dalili za ugonjwa wa ulaji zipo hapa nchini, na ukazihusisha na kutazama picha za ng'ambo.

Karagwe yenyewe inayo historia ya mtindo wa uzuri kuuharibu ulaji, ila ulikuwa wa upande wa pili. Mwishoni mwa mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa mfalme Rumanyika, katika ikulu ya Bweranyange. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieleza kwamba wanawake wa jamaa ya mfalme walinyweshwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama, kwa kuwa unene huo ndio uliohesabiwa uzuri. Alimpima mmoja wao, shemeji wa mfalme, akakuta mzingo wa mkono wake ni inchi 23, yaani karibu sentimita 58. Pembeni alikuwepo binti yake wa miaka 16 akinyonya chungu cha maziwa, na baba ameshika fimbo asije akaacha.

Jana binti alilazimishwa anywe hadi asitembee. Leo binti anajinyima hadi asitembee. Aliyembadilikia ni mtindo, na mwili unaoumia ni uleule.

Njaa nayo hugeuza akili

Jambo hili ni muhimu sana kwa wazazi, maana wengi huona mgonjwa kama mkaidi.

Kati ya Novemba 1944 na Desemba 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana wa kiume 36 waliojitolea. Walikuwa wazima wa mwili na akili. Kwa miezi sita walilishwa mara mbili kwa siku, zaidi viazi, mkate, tambi na kabichi, chakula cha kujaza tumbo chenye nguvu kidogo. Walipoteza karibu robo ya uzito wao.

Kilichowashangaza watafiti ni tabia. Vijana hawa walianza kuota chakula usiku. Walikula polepole kwa saa nzima, wakalamba sahani, wakakusanya vitabu vya mapishi ambavyo zamani hawakuvijali. Walikasirika upesi, wakajitenga, wakaona baridi muda wote. Waliporudishiwa chakula, baadhi walikula bila kushiba kwa wiki na miezi.

Hakuna kati yao aliyeanza akiwa na ugonjwa wa ulaji. Njaa ndiyo iliyowapa tabia hizo. Kwa hiyo binti anapokata ndizi vipande ishirini, anapopikia wengine kwa bidii na yeye haonji, anaponuna akiitwa mezani, sehemu ya hayo ni njaa inayosema kwa kinywa chake. Ukimgombeza unaigombeza njaa. Ni lishe itakayoanza kuirudisha akili, na mashauri yatafuata.

Swali moja la kupima

Wapo wazazi watakaouliza, "Nitajuaje kama mwanangu amechagua tu au anaumwa?" Anza na swali hili. Anapoongezewa chakula anachokiruhusu mwenyewe, anafurahi au anaogopa?

Aliyeacha nyama kwa hiari yake, ukimwekea bakuli la maharage yaliyoungwa kwa karanga, parachichi na kipande cha papai, atakula na kushukuru. Hayo yote ni mimea. Mwenye ugonjwa atatafuta kasoro. Maharage yana mafuta, parachichi linanenepesha, papai lina sukari, leo tumbo linauma. Orodha ya aliyechagua haibadiliki sana, na ya mgonjwa hupungua kila mwezi.

Swali la pili ni kipi kilianza. Kama kijana aliacha nyama miaka mingi kabla, na alikuwa akila vizuri, huenda uchaguzi wake ni wa kweli. Kama aliacha nyama wakati uleule alipoanza kujipima, kujitazama kwenye kioo na kuhofia unene, basi kuacha nyama ni sehemu ya ugonjwa.

Dalili nyingine ni hizi:

- Hedhi kukatika au kupotea mpangilio.
- Kuhisi baridi wakati wengine wanatoa sweta, kizunguzungu, kuzimia, nywele kung'oka.
- Kwenda chooni mara tu baada ya kula, mashavu kuvimba chini ya masikio, meno kuoza upesi.
- Chakula kupotea jikoni usiku, kisha mtu kushinda siku mbili bila kula.
- Kuvaa nguo nyingi, kukwepa harusi na hitima kwa sababu ya chakula.
- Kufanya kazi au mazoezi hadi kuchoka sana, na kukasirika akizuiwa.

Tahadhari mbili. Kwanza, si kila mgonjwa amekonda. Mwenye bulimia anaweza kuwa na mwili wa kawaida kabisa. Pili, si kila aliyekonda ana ugonjwa wa ulaji. Kifua kikuu, kisukari, minyoo, vidonda vya tumbo, tezi ya shingo na UKIMWI vyote hukondesha, na ni lazima vipimwe.

Hapa mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mwaka 1983, mtu akikonda watu hunong'ona. Matokeo yake nyumba humficha mgonjwa ndani. Na msichana aliyekosa hedhi hushukiwa mimba kabla ya kuulizwa kama anakula. Kumzulia binti jambo kama hilo ni dhulma, na humfanya afunge mdomo kabisa. Mpelekeni apimwe, matokeo yaseme.

Swaumu isigeuzwe pazia

Swaumu kwa mtu mzima wa afya ni ibada, nayo haileti ugonjwa huu. Ila mgonjwa hupenda kuitumia, kwa kuwa nani atamlaumu anayefunga? Anaanza na Jumatatu na Alhamisi, halafu anaongeza. Anasema amekula daku peke yake usiku, na hakuna aliyemwona. Magharibi ikiingia anafungua kwa maji, anakwenda kuswali, kisha anasema hana hamu.

Tazama tofauti. Anayefunga kwa ajili ya Allah huharakisha kufuturu kama sunna inavyotaka, na hula daku kwa kuwa ina baraka. Anayefunga kwa hofu huchelewesha futari na kuikwepa daku. Wa kwanza hufurahi Idd ikifika. Wa pili Idd humtia wasiwasi, maana kisingizio kimekwisha.

Abdullah bin Amr bin Al-As (RA) alikuwa kijana aliyetaka kufunga kila siku. Mtume (SAW) alimzuia, akamkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, na ukomo aliomruhusu ni swaumu ya Nabii Daud (AS), siku moja afunge na siku moja ale. Aidha alikataza kuunganisha siku kwa siku bila kufuturu. Kwa hiyo dini imeweka mpaka hata kwa mwenye nia safi.

Wapo pia wanaotumia hadithi ya theluthi ya tumbo kumzuia aliyedhoofu asiongeze chakula. Hadithi hiyo inamwonya anayejaza tumbo. Kumsomea mtu ambaye mifupa imetokeza ni kuipeleka pasipo mahali pake.

Na mgonjwa ameruhusiwa kula Ramadhani kwa mujibu wa Sura Al-Baqara aya ya 184 na 185. Daktari akisema swaumu itamdhuru, basi asifunge, naye akipona atalipa. Habari ya kulipa au fidya aulizwe sheikh anayejua fiqhi, akiwa ameelezwa maneno ya daktari. Kukubali ruhusa ya Mola wako nako ni utii.

Sahani ya mimea inayotosha

Sasa tuseme binti amekubali kula, lakini bado hataki vyakula vya wanyama. Mzazi asianzishe vita ya nyama. Kwanza tuirudishe sahani.

Ndizi ni chakula kizuri, lakini zikiwa peke yake hazitoshi. Nusu kilo ya ndizi zilizopikwa hujaza tumbo na kutoa takriban gramu 5 tu za protini. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji karibu gramu 46 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa hutoa kama gramu 15, na konzi ya karanga gramu 7. Kwa hiyo tubadili mizani. Maharage yasiwe mchuzi wa kulainishia ndizi, yawe nusu ya sahani.

Mfano wa siku moja ni huu. Asubuhi uji wa ulezi uliotiwa unga wa karanga au wa soya, na ndizi mbivu. Saa nne parachichi na kipande cha muhogo au kiazi kitamu. Mchana ndizi na maharage yaliyoungwa kwa mafuta, mchicha au majani ya maboga, na chungwa au pasheni. Alasiri konzi ya karanga. Usiku ugali, viazi au wali kwa kunde, njegere au njugu mawe, pamoja na mboga za majani. Kwa mtu ambaye tumbo limesinyaa na hushiba upesi, karanga na parachichi humpa nguvu nyingi katika tonge chache.

Madini ya chuma. Maharage na mboga za majani yanayo, ila chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida. Tunda lenye uchachu kama chungwa, limau au pasheni likiliwa pamoja husaidia sana. Chai na kahawa huzuia. Sisi ni watu wa kahawa, ya kunywa na ya kutafuna. Basi iwekwe mbali na chakula, saa moja au zaidi.

Vitamini B12. Hapa ndipo mla mimea tupu asijidanganye. Hakuna mmea wowote, iwe majani, uyoga au maharage, unaotegemewa kutoa vitamini hii. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, naye huipata kwa nyama, samaki, dagaa, mayai, maziwa au vidonge. Akiba ya mwilini yaweza kudumu miaka, ndiyo maana madhara huchelewa. Yakija, damu hupungua, miguu na mikono hufa ganzi, kumbukumbu hupotea, na mishipa ya fahamu inaweza isirudi kama mwanzo. Mama asiye na B12 humnyonyesha mtoto maziwa yasiyokuwa nayo, na mtoto huumia mapema zaidi kuliko mama.

Kanuni za mwaka 2011 ziliagiza unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani nchini utiwe chuma, zinki, asidi ya foliki na B12. Soma mfuko kabla ya kununua. Lakini unga wa mashine ya kijijini kwa kawaida hautiwi, na anayekula ndizi hapati kitu hapo. Kwa hiyo asiyekula chochote cha wanyama anunue vidonge vyenye B12 katika duka la dawa, au aonane na mganga kuhusu sindano akiwa na dalili. Asidi ya foliki peke yake yaweza kurekebisha damu huku mishipa ikiendelea kuharibika, hivyo isichukuliwe kuwa badala ya B12.

Chumvi iwe yenye madini joto. Sukuma wiki na majani ya kunde vitumike kwa ajili ya kalisi ya mifupa.

Na kama familia inajizuilia vyakula kwa mila tu, wakati huu ndio wa kuitazama upya. Katika nchi za Maziwa Makuu, kwa mfano kwa jirani zetu Baganda, mila ya zamani iliwanyima wanawake kuku na mayai. Uislamu haukuwanyima. Binti asiachishwe yai na bibi, kisha akalaumiwa kwa kukosa damu.

Nyumba ifanye nini

Tangu miaka ya 1980, madaktari wa hospitali ya Maudsley, London, walianza kuwatibu vijana wenye anoreksia kwa kuwatumia wazazi. Wazazi hawalaumiwi kwamba wamesababisha. Wanaombwa washike usukani wa chakula kwa muda, kwa upole na bila kuyumba, mpaka kijana apate nguvu za kuushika mwenyewe. Njia hii inafaa sana nyumba zetu ambazo bado hula pamoja.

Lakini sinia la pamoja lina shida moja. Mgonjwa anaweza kupeleka mkono mara kumi na asimeze tonge tatu. Kwa hiyo mpakulieni sahani yake, akae katikati ya jamaa, na mmoja abaki naye mpaka amalize na muda kidogo baada ya hapo. Milo iwe mitatu na vitafunio viwili, saa zilezile kila siku. Mazungumzo ya mezani yawe ya shule, shamba au habari njema, si ya uzito wa mtu.

Mama anaweza kusema hivi: "Mwanangu, naona chakula kinakutisha. Sikulaumu, huu ni ugonjwa kama homa. Mimi nitakaa na wewe, tutakula pole pole." Binti akijibu, "Mama, sina njaa," asibishiwe. Aambiwe, "Najua mwanangu. Tutakula hivyo hivyo, kama mtu anavyokunywa dawa bila kuwa na kiu." Kisha mama akae.

Mambo ya kuepuka ni haya: kumpiga, kumlisha kwa nguvu, kumtania "fimbo ya mwanzi," kumsifu kwa kukonda, kumtisha kwa moto wa Jahannam. Vilevile tuache kuwaita watoto wetu "bonge" kwa mzaha. Baadhi ya wagonjwa huanza na neno moja la shangazi au la kaka.

Wapo watakaosema ni jini. Kumsomea mgonjwa Qur'an ni jambo la kheri na hakuna anayelizuia. Lakini kumsomea kusimcheleweshe zahanati hata siku moja, na msomaji asimwamuru mgonjwa huyu afunge.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Asicheleweshwe akizimia, akilalamika moyo kwenda vibaya, akivimba miguu, akitapika damu, akishindwa kuinuka kutoka kuchuchumaa, akikataa hata maji, au akisema hataki kuishi. Mpelekeni kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, na Karagwe ipo Nyakahanga. Wagonjwa wanaohitaji daktari wa akili huweza kupewa rufaa, na Hospitali ya Bugando, Mwanza, ina idara hiyo. Kwenda kwa daktari wa akili si aibu, wala haina maana kwamba mtoto ni mwendawazimu.

Onyo kubwa. Mtu aliyekaa siku nyingi bila kula, au aliyekonda sana, msimjazie chakula ghafla nyumbani kwa furaha kwamba amekubali. Mwili wake umezoea uhaba. Chakula kingi cha wanga kikiingia kwa mkupuo, madini ya damu, hasa fosforasi, hushuka ghafla na moyo unaweza kusimama. Huyu aanzishiwe chakula chini ya uangalizi wa hospitali, kidogo kidogo. Na hapo, maisha yakiwa hatarini, daktari akisema maziwa ni dawa, basi hoja ya mimea tupu isubiri.

Matibabu huchukua miezi, pengine miaka, na mgonjwa anaweza kurudi nyuma katikati. Hilo lisiwakatishe tamaa. Wengi hupona, na wanaotibiwa mapema hupona upesi zaidi.

Maswali ya kujadili nyumbani au kwenye darsa

1. Nani nyumbani kwetu hatujamwona akimaliza sahani wiki hii, na tumemuuliza kwa lugha gani?
2. Je, maharage katika chungu chetu ni mboga au ni mchuzi tu?
3. Anayefunga sunna nyumbani kwetu, tunajua kama anakula daku na kufuturu?
4. Ni maneno gani ya mzaha kuhusu miili ya watoto tunayopaswa kuyaacha kuanzia leo?

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atupe macho ya kuwaona mapema. Amin.